Macho Mekundu: Upimwe Kipimo Gani?

Leo nazungumza na wewe mtu mzima uliyeamka macho mekundu, kope zimegandamana kwa tongo, nawe unawaza kama ushuke sokoni Khayega kununua dawa ya matone au uende hospitali ukapimwe.

Wengi hawahitaji maabara. Mara nyingi ni virusi. Macho hutoa machozi, huwasha, na hupona yenyewe kwa wiki moja hadi tatu. Lakini usaha ukiwa mwingi, ukiufuta unarudi papo hapo, na kope zimevimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hapo huanza kipimo cha rangi, kiitwacho Gram kwa jina la daktari wa Denmark aliyekieleza mwaka 1884. Usaha huchukuliwa kwa kijiti chenye pamba, ukapakwa kwenye kioo chembamba, ukatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Jibu laweza kupatikana kwa muda wa saa moja. Vijidudu vya kisonono huonekana viwili viwili kama maharagwe, ndani ya chembe za usaha. Usishangae: kisonono huingia machoni kwa mkono uliogusa sehemu za siri, na chaweza kutoboa kioo cha jicho kwa siku moja au mbili. Kwangu mimi, kipimo hiki cha bei nafuu kinashinda mashine nyingi.

Kipimo cha kuotesha huchukua siku mbili au tatu. Faida yake ni kuonyesha dawa gani inaua vijidudu hivyo. Lakini kama umeshatia matone ya antibiotiki, huenda kisiote kitu. Kwa hiyo upimwe kwanza, dawa baadaye. Daktari akishuku kisonono ataanza tiba bila kungoja jibu, na mwenzako wa nyumbani naye atibiwe.

PCR hutafuta chembe za urithi za kijidudu. Ni ghali, lakini huona virusi, na pia klamidia, ambayo hufanya jicho la mtu mzima likae jekundu wiki nyingi bila kusikia dawa. Macho mekundu yalipozuka Pwani mwaka 2024, ni uchunguzi wa chembe za urithi uliotambua kirusi cha koksaki A24. Ugonjwa wa namna hiyo ulienea Ghana mwaka 1969, binadamu alipofika mwezini, ndiyo maana wazee huuita Apollo.

Kuna pia kipimo cha dakika 10, lakini hutafuta adenovirusi peke yake. Mwenye koksaki ataambiwa hana kitu, aende akaambukize nyumba nzima kwa taulo moja.

Na yale matone yenye steroidi yanayouzwa dukani, usiyatie kabla daktari hajalitazama jicho. Hupunguza wekundu huku kidonda kikiendelea chini yake. Ukiona mwanga unakuumiza au kuona kumefifia, usingoje kesho.