Yungiyungi la buluu na jicho la Rama

Kisa hiki kinapendwa sana Bengal, nacho kimo katika Ramayana ya Kibengali ya Krittivas Ojha, mshairi wa karne ya 15. Kabla ya kumkabili adui yake Ravana, shujaa Rama anamwabudu mungu wa kike Durga kwa maua 108 ya buluu. Anayatoa moja baada ya jingine, na anapofika mwisho, moja halipo: Durga mwenyewe amelificha ili amjaribu. Rama anakumbuka kwamba macho yake husifiwa kwa kufananishwa na ua hilo. Anashika mshale ang'oe jicho moja lijaze pengo. Hapo hapo Durga anatokea na kumzuia.

Wafasiri wengi huliita ua hilo lotasi ya buluu, nami sikubaliani nao. Lotasi ya Asia, padma kwa Kisanskriti, ni ya waridi au nyeupe. Ua la Rama ni nilotpala, yaani yungiyungi la buluu, ambalo wanabotania huliita Nymphaea nouchali. Ndilo pia mmoja wa mishale mitano ya maua ya Kama, mungu wa mapenzi. Mimea hii miwili hukaa bwawa moja tu. Kiukoo iko mbali kabisa.

Kwa nini jicho? Litazame ua lenyewe. Hufumbua asubuhi na kufumba alasiri, kwa siku tatu au nne hivi. Siku ya kwanza katikati yake huwa na kidimbwi cha majimaji. Mdudu aliyetoka ua jingine akitumbukia humo, chavua aliyobeba huoshwa ikabaki. Pengine naye huzama asitoke. Siku zinazofuata kidimbwi hukauka na ua huanza kutoa chavua yake. Likisharutubishwa, kikonyo hujisokota na kulivuta chini, tunda likomae majini. Aliyeliita jicho, naamini, alikaa sana ukingoni akitazama.

Ukoo huu uko kwetu pia. Aina mojawapo imepewa jina la zanzibariensis, na jenomu ya Nymphaea colorata, yungiyungi la Afrika Mashariki, ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2020.

Ukipita bwawani na kutaka kuitofautisha mimea hiyo miwili, anza na jani. La lotasi ni duara kamili na mara nyingi huinuka juu ya maji. Likiwa limelala juu ya maji, na lina mpasuko kutoka ukingoni hadi kwenye kikonyo, hilo ni yungiyungi.