Kabla ya Kufika Mengineyo

Katika vijiji vingi vya Tanzania ajenda ya mkutano mkuu hupangwa kwa mfuatano uleule: kufungua mkutano, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo na muhtasari, taarifa ya mapato na matumizi, hoja za siku hiyo, mengineyo, kufunga. Wananchi wengi hufika muhtasari ukiwa umeshasomwa. Wengine huwapo tangu mwanzo, ila wamekaa pembeni kivulini wakipiga soga, wakingoja kipengele cha Mengineyo ili watoe ya moyoni: bomba halitoi maji, ng'ombe wameingia shambani, darasa limeezuliwa na upepo na halijaezekwa. Kipengele hicho kinapofika jua limeshashuka, mwenyekiti anawaomba wasemaji wafupishe, na yanayosemwa hayaamuliwi hata moja.

Rai yangu katika safu hii ni kwamba mwananchi anayetaka kijiji chake kiendeshwe kwa haki awahi vipengele vya mwanzo, vile vinavyoonekana kuwa ni utaratibu mtupu.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu nani ni nani. Serikali ya kijiji ina vyombo viwili vinavyochanganywa sana. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, ambayo sasa ni Sura ya 287, imeupa kauli ya juu katika mambo ya sera ya kijiji. Halmashauri ya kijiji ni chombo kidogo cha wajumbe 15 hadi 25: mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji vyote, na wajumbe wengine waliochaguliwa, wanawake wakiwa si chini ya robo. Halmashauri inatakiwa kukutana kila mwezi, mkutano mkuu kila miezi mitatu. Mwenyekiti huongoza vyombo vyote viwili. Mtendaji wa kijiji, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, ni katibu wa vyote viwili, na hivyo yeye ndiye mwenye kushika kalamu.

Hilo la kalamu lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Mwenyekiti ni jirani yetu. Tumemchagua kwa miaka mitano na tunakutana naye msibani na kisimani. Mtendaji anaweza kuhamishwa mwezi ujao. Akiondoka na mambo yakiwa kichwani mwake, kijiji kinaanza upya. Mambo yakiwa kwenye kaunta buku ya mihtasari iliyofungiwa kabatini, mtendaji mpya anayakuta, na anayekuja kubisha anafunguliwa ukurasa.

Muhtasari unaofaa una tarehe, majina ya waliohudhuria, hoja, azimio, jina la atakayetekeleza na siku ya mwisho ya kutekeleza. Vitabu vingi vya vijiji vimejaa sentensi za aina hii: "Mkutano ulijadili suala la kisima na kuagiza lishughulikiwe." Nani alishughulikie? Lini? Kwa fedha ipi? Sentensi hiyo haimbani mtu. Ingeandikwa kwamba kamati ya huduma za jamii ilete bei ya pampu kutoka kwa mafundi wawili kabla ya kikao cha Machi, Machi ikifika kuna watu wa kuulizwa. Kwa hiyo muhtasari unaposomwa, sikiliza maazimio yake kuliko hotuba. Azimio lisilo na jina wala tarehe liombewe marekebisho palepale, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi yake. Mwenyekiti anapouliza kama muhtasari ni sahihi, swali lake lina uzito wa kisheria: muhtasari ukishathibitishwa na kutiwa saini na yeye na katibu, huo ndio ushahidi wa kile kijiji kilichokubali, na atakayesema baadaye kwamba hatukusema hivyo atakuwa na kazi ngumu.

Kuna jambo moja hapa linalonisikitisha, maana linawaumiza watu wasiojua. Karatasi ya mahudhurio husainiwa kabla ya mkutano kuanza, na mara nyingi haina kichwa. Karatasi ya namna hiyo inaweza kubandikwa nyuma ya muhtasari wowote, hata wa uamuzi ambao hamkuufanya. Kabla ya kusaini, angalia kama juu yake pameandikwa jina la mkutano, tarehe na ajenda. Kama hapajaandikwa, omba paandikwe kwanza. Hakuna mtendaji mwaminifu atakayekasirika kwa ombi hilo.

Yatokanayo ndiyo ajenda ninayoipenda kuliko zote. Hapo kila azimio la mkutano uliopita linatakiwa lisimame na kujieleza: limetekelezwa, halijatekelezwa, au limekwama wapi. Mwananchi anayelalamika kwenye Mengineyo kwamba maji hayatoki atajibiwa kwamba suala lake limepokelewa. Mwananchi huyohuyo akisimama kwenye Yatokanayo na kusema kwamba azimio namba nne la mkutano wa Desemba lilimtaka fulani alete bei ya pampu, anangoja jibu la mtu mmoja mbele ya mkutano mzima, na jibu lolote litakalotolewa litaandikwa. Kilio ni kilekile. Kilichobadilika ni mahali kilipowekwa. Vikao vinavyoruka kipengele hiki kwa kisingizio cha muda hujikuta vikipitisha azimio lilelile mwaka hadi mwaka.

Baada ya hapo huja fedha. Malalamiko ya wananchi dhidi ya wenyeviti wao mara nyingi huanza na maneno haya: hatujasomewa mapato na matumizi. Taarifa ya robo mwaka ni fupi, na asiye mhasibu anaweza kuifuata akijua mambo manne tu: salio la mwanzo, kilichoingia, kilichotoka, salio la mwisho. Salio la mwanzo la taarifa ya leo lazima lifanane na salio la mwisho la taarifa iliyopita. Ndiyo sababu nasema muhtasari wa nyuma uwepo mezani, kwa kuwa asiyekumbuka tulipoishia hawezi kujua kama tumeanza pengine. Salio la mwisho nalo lilingane na taarifa ya benki pamoja na fedha taslimu iliyopo. Kila shilingi iliyoingia iwe na stakabadhi, na kila iliyotoka iwe na hati ya malipo na azimio lililoiidhinisha. Muulizeni msomaji wa taarifa aonyeshe azimio hilo. Swali hilo moja hufanya kazi kubwa kuliko saa nzima ya kutuhumiana.

Vyanzo vya mapato ya kijiji si vingi. Kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee waliizoea kwa kukimbizana na mgambo, ilifutwa mwaka 2003. Vijiji vingi vimebaki na michango ya wananchi, kodi za vibanda vya kijiji, faini, na sehemu ya ushuru wa gulio au mnada pale ambapo halmashauri ya wilaya imeviachia. Lakini vyanzo hivyo visidharauliwe. Nanjirinji A, wilayani Kilwa, ni kijiji kinachosimamia msitu wake chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na kuuza mbao zake kwa utaratibu, na fedha hizo zimejenga majengo ya umma, yakiwemo ya shule. Msitu wenyewe usingetosha. Fedha za mbao zinahitaji halmashauri ya kijiji inayokutana, kamati ya maliasili inayotoa hesabu na mkutano mkuu unaoamua zitumike wapi. Zikikuta vikao vimekufa, ziada ya fedha huzaa ugomvi.

Ardhi nayo hupita kwenye meza hiyohiyo, na hapa ndipo kitabu cha mihtasari huwa na thamani kubwa kuliko sanduku la fedha. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu iliyotangulia. Ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa iwe ardhi ya kawaida, tuseme kwa ajili ya mwekezaji, eneo lisilozidi hekta 250 hukubaliwa au kukataliwa na mkutano mkuu wenyewe. Likizidi hapo uamuzi unakwenda kwa Waziri, baada ya kupata maoni ya mkutano huo. Hekta 250 ni zaidi ya ekari 600. Uamuzi mkubwa kiasi hicho unaweza kuwa hoja ya tano katika ajenda ya alasiri moja, na watu wakanyoosha mikono huku wakiwahi kwenda kukamua.

Wanunuzi wa mashamba nao wasikilize. Wengi huamini kwamba muhuri wa kijiji kwenye karatasi ya mauziano unatosha. Tangu katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ilikwishasema kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyopata idhini ya halmashauri ya kijiji hayana nguvu. Ukifika barazani au mahakamani utaulizwa: kikao kilikaa lini, muhtasari uko wapi? Muhuri unagongwa na mtu mmoja ofisini kwake, ilhali idhini hutolewa na kikao. Anayenunua shamba aombe nakala ya muhtasari wa kikao kilichoridhia, aitunze pamoja na mkataba.

Shughuli nyingine za kila wiki nitazipitia kwa haraka: barua za utambulisho kwa wanaofungua akaunti za benki au kwenda kumdhamini ndugu polisi, uhakiki wa majina ya kaya za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) mbele ya wananchi, usuluhishi wa mipaka kwenye baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, na zamu za ulinzi. Faini ndiyo inayohitaji neno zaidi. Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo, ila utungaji huo una njia yake: halmashauri ya kijiji huandaa rasimu, mkutano mkuu huijadili, halmashauri ya wilaya huidhinisha. Aliyetozwa faini kwa kutokwenda kazi ya msaragambo au kwa mifugo kuingia barabarani ana haki ya kuuliza ni sheria ndogo ipi, iliidhinishwa lini, na kudai stakabadhi. Faini inayotungwa siku ya kutozwa haina mguu wa kusimamia, hata kama mkosaji amekosa kweli.

Wapo wasomaji wanaoishi katika miji midogo, kama Mirerani, Kibaigwa, Mbalizi au Usa River, ambao watasema haya hayawahusu. Yanawahusu kwa namna nyingine. Eneo linapotangazwa kuwa mji mdogo, ngazi inayofuata chini yake ni vitongoji, na wenyeviti wa vitongoji hivyo huingia kwenye baraza la mamlaka ya mji mdogo chini ya halmashauri ya wilaya, likiwa na mwenyekiti waliyemchagua na afisa mtendaji wake. Watu hushangilia tangazo hilo kwa matumaini ya lami na taa. Wachache huuliza kuhusu mkutano mkuu wa kijiji, ambao ulikuwa na kauli juu ya ardhi na fedha zao. Ardhi ikishaacha kuwa ya kijiji, ugawaji wake unaingia kwenye upimaji na mipango miji, mbali na mkutano wa chini ya mwembe waliouzoea. Kinachobaki karibu na mkazi ni mkutano wa kitongoji, na kwa maoni yangu ndiyo maana mkutano huo unastahili mahudhurio makubwa zaidi katika mji mdogo, ijapokuwa hali ilivyo ni kinyume: mwenye duka hafungi duka, na mpangaji hudhani si wa hapo.

Turudi kwenye Mengineyo, kwa sababu sitaki mtu anyamaze. Hoja ikiletwa hapo kwa mara ya kwanza, hakuna aliyejiandaa kuijibu. Mpelekee mwenyekiti wa kitongoji chako mapema, kabla ya kikao cha mwezi cha halmashauri ya kijiji, naye aombe iingizwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu. Ikiwa haikuingia, isimamishe kwenye Mengineyo, lakini usikubali kukaa kabla haijaandikwa kwamba itakuwa ajenda ya mkutano ujao.

Na ikiwa mikutano yenyewe haiitishwi? Wakazi wachache wakae, waandike barua kwa mwenyekiti wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata, wataje tarehe ya mkutano mkuu wa mwisho uliofanyika na robo mwaka ambazo mapato na matumizi hayajasomwa, wasaini kwa majina yao. Nakala yao igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe. Majibu yakikosekana, nakala hiyo iliyogongwa muhuri iambatishwe kwenye barua ya pili, safari hii kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, ambayo ndiyo mwajiri wa mtendaji wa kijiji.