Kabla ya kuweka reli ya ngazi, mpeleke mzee apimwe

WAZAZI waliozeeka wanapohamia mjini kuishi na watoto wao, ngazi za nyumba huwatatiza kuliko wengi wetu tunavyodhani. Nyumba nyingi za mijini, kama zile za mtaa wa Buruburu jijini Nairobi, zina sebule na jikoni chini huku vyumba vya kulala vikiwa juu. Mzee asiyeweza kupanda hulazimika kulala sebuleni mbele ya wageni. Asiyeweza kushuka hugeuka mfungwa wa chumba chake.

Siku hizi familia zinazojiweza huulizia kiti cha umeme ambacho hupanda na kushuka ngazi juu ya reli. Ni chombo kizuri kwa anayekihitaji. Hata hivyo, baadhi ya wazee wanaotafutiwa kiti hicho wangefaidika zaidi kwa kupimwa na daktari, kisha kuwekewa reli imara ya kushikilia kwa mkono.

Kwa nini mzee huanguka?

Miguu yenye udhaifu ni sababu mojawapo tu. Mtoto wa jicho humfanya mzee asione ukingo wa kipandio. Miwani ya kusomea nayo huvuruga macho anapotazama chini. Kisukari cha miaka mingi huua hisia za nyayo, hivyo mgonjwa hajui kama amekanyaga sawasawa.

Kuna pia wale ambao shinikizo la damu huteremka ghafla wanapoinuka, hasa wakiwa wanatumia dawa za shinikizo, za usingizi au za kuongeza mkojo. Daktari hugundua hali hii kwa kupima shinikizo mgonjwa akiwa amelala au ameketi, kisha tena baada ya kusimama kwa dakika moja na dakika tatu. Kipimo cha juu kikishuka kwa 20 au zaidi, dawa zake zinafaa kuchunguzwa upya. Usimwachishe mzee dawa bila ushauri wa daktari.

Haya si mambo ya kupuuzwa. Mifupa ya uzeeni, hasa ya akina mama waliokoma hedhi, huwa mepesi na hafifu. Mzee akivunjika nyonga huenda akalala kitandani kwa majuma mengi, na hapo ndipo huzuka vidonda vya mgongoni, nimonia na damu kuganda miguuni. Wengine hawarudii tena kutembea kama zamani.

Reli ya mkono

Ikiwa mzee bado anaweza kupanda, hata kwa polepole, basi aendelee kupanda. Ngazi ni mazoezi ya miguu na moyo, na misuli isiyotumiwa hunyauka upesi. Kinachohitajika ni mahali pa kushika.

Reli nzuri huwa ya mviringo, yenye unene wa sentimita 4 hivi, ili vidole viweze kuizunguka. Iwe kimo cha sentimita 90 hadi 100 kutoka ukingo wa kipandio, na iachane na ukuta kiasi cha sentimita 5 ili mkono usikwaruzwe. Isikatike njiani. Aidha, ipite kipandio cha kwanza na cha mwisho kwa sentimita 30 hivi, kwa sababu watu wengi huanguka wakidhani ngazi zimeisha.

Mwambie fundi azamishe skrubu ndani ya jiwe lenyewe, si kwenye plasta pekee. Akimaliza, mtu mzima aishike na kuivuta kwa uzito wake wote. Ikitikisika, kazi haijaisha.

Kwa mgonjwa wa kiharusi, reli moja haitoshi. Aliyepooza upande wa kushoto hushika kwa mkono wa kulia. Reli iliyo kuliani mwake anapopanda itakuwa kushotoni mwake anaposhuka, mahali ambapo mkono wake hauna nguvu. Kwa hivyo weka reli pande zote mbili. Akipanda, mguu wenye nguvu utangulie. Akishuka, ule mgonjwa ndio utangulie.

Kiti cha umeme

Kiti hiki humfaa mtu anayeweza kuketi wima bila kushikiliwa, lakini magoti, moyo au mapafu hayamruhusu kupanda. Hakimfai mwenye kifafa kisichodhibitiwa, na aliyepoteza kumbukumbu sana asikitumie peke yake.

Reli ya kiti kwa kawaida hufungwa kwenye vipandio vyenyewe, wala si ukutani. Ngazi zilizonyooka hutumia reli rahisi. Zile zenye kona huhitaji reli iliyopindwa kwa vipimo vya nyumba hiyo, ambayo ni ghali zaidi na ni vigumu kuitumia kwingine. Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kutoboa chochote.

Kwa kuwa stima hupotea mara kwa mara, chagua kiti kinachoendeshwa na betri zinazojichaji kinapoegeshwa. Muulize muuzaji betri hizo zitamudu safari ngapi stima ikiwa imepotea, kiti kinabeba uzito gani, na ni nani atakayekitengeneza kikiharibika.

Hakikisha kina mkanda, kinajizima kikikutana na kizuizi, na kinageuka kule juu ili mzee ateremke akiwa ameipa ngazi mgongo. Kikunjwe kisipotumika ili wengine wapate njia. Kifungwe kwa ufunguo watoto wasikichezee. Kama mzee hutumia mkongojo, mwekee mmoja juu na mwingine chini.

Mambo yasiyogharimu sana

Weka taa inayowashwa juu na chini. Ondoa zulia linaloteleza na viatu vinavyoachwa njiani. Paka ukingo wa kila kipandio rangi inayoonekana. Mzee avae viatu vinavyoshika kisigino badala ya kandambili.

Zaidi ya yote, mshirikishe mzee mwenyewe. Msimamie anapopanda na kushuka, umuulize ni wapi anapoogopa. Kisha mpeleke kwa daktari pamoja na dawa zake zote, na baada ya hapo ndipo umwite fundi.