Siku ya kazi na bei yake: kaye ya shimo isifute yaliyopita

Hombo iko pande mbili za mto wenye jina lile lile. Upande mmoja ni Walikale, Kivu ya Kaskazini. Ukivuka, umeingia Kalehe, Kivu ya Kusini. Magari ya kutoka Bukavu kupitia Bunyakiri yanapita hapo, na wachimbaji wanashuka hapo kutafuta chumvi, maharagi, betri za torshi, na namna ya kutuma makuta nyumbani. Hivyo ugomvi wa malipo haubaki porini. Unashuka pamoja na watu.

Ugomvi wenyewe tunaujua. Kibarua ameanza kazi kwa bei moja. Katikati ya mwezi bei ikabadilika. Siku ya kulipa, PDG wa shimo anafungua kaye na kuhesabu siku zote kwa bei moja.

"Mukubwa, hii hesabu haiko sawa."

"Petit, bei njo hii nimeandika hapa."

Kila mmoja anaona ana haki, na pengine hakuna mwizi kati yao. Kaye ndiyo imekosa kitu kimoja: tarehe ambayo bei mpya ilianza.

Hesabu ya vibarua wanane

Tuchukue mfano. PDG ana vibarua wanane: wa kubeba mchanga, wa kutoa maji, wa kuosha. Wanafanya siku sita kwa juma, majuma manne, ni siku 24. Wamepatana faranga 8.000 kwa siku. Baada ya majuma mawili, vibarua wanaomba kuongezewa, na PDG anakubali: kuanzia Jumatatu ya juma la tatu, siku moja ni faranga 10.000.

Hesabu ya haki ni hii. Siku 12 za kwanza: vibarua 8, mara siku 12, mara faranga 8.000, ni 768.000. Siku 12 za mwisho: vibarua 8, mara siku 12, mara faranga 10.000, ni 960.000. Jumla ni faranga 1.728.000.

Sasa, PDG akihesabu siku zote kwa bei ya zamani, atatoa 1.536.000. Kila kibarua amepoteza faranga 24.000, yaani siku tatu nzima za kazi kwa bei ile ya zamani. Akifuta 8.000 na kuandika 10.000 juu yake, kaye itasema siku zote 24 ni za bei mpya, jumla 1.920.000. Hapo PDG amepoteza 192.000 ambazo hakupatana na mtu. Pengine ndizo zingenunua mbao za kushikilia shimo.

Kosa ni lile lile mara mbili. Bei moja imefunika mwezi mzima, wakati mwezi ulikuwa na bei mbili. Kanuni ni fupi: siku ya kazi inalipwa kwa bei ya siku ile, si kwa bei ya siku ya malipo.

Hata kompyuta inakosea hivyo

Mtu asifikiri ni shida ya watu wa kaye tu. Kampuni kubwa zinapanga kazi na gharama kwa programu za kompyuta. Kila mfanyakazi ana karatasi yake ndani ya programu, na hapo kuna bei ya saa yake moja. Mshahara ukipanda, karani asiye makini anaingia kwenye karatasi ile, anafuta tarakimu ya zamani na kuweka mpya. Katika programu nyingine, tendo hilo linahesabu upya hata masaa ya miezi iliyopita. Kazi iliyokwisha, iliyolipwa, inaonekana imegharimu zaidi ya makuta yaliyotoka. Mkubwa anauliza: tofauti hii imeenda wapi? Na haikuenda popote.

Dawa yake si ngumu. Microsoft Project, kwa mfano, inaruhusu kila mfanyakazi kuwa na meza ya bei, na kila mstari wa meza una tarehe ya kuanza. Bei ya zamani inabaki juu, mpya inaandikwa chini yake. Programu inaangalia siku ya kazi, kisha inachukua bei iliyokuwa inatumika siku ile. Meza hizo ni tano kwa kila mtu, kwa sababu mtu mmoja anaweza kufanya kazi za bei tofauti. Huko shimoni pia, siku ya kutoa maji inaweza kuwa na bei yake na siku ya kubeba bei yake.

Kaye ya faranga chache inaweza kufanya kazi ile ile, ikipigwa mistari vizuri.

Serikali nayo inaandika tarehe

Angalia mshahara wa chini kabisa wa nchi, ule tunaouita SMIG. Dekreti ya Mei 2018 iliuweka kuwa faranga 7.075 kwa siku. Mwaka 2025 serikali ikaupandisha kwa ngazi mbili: 14.500 kuanzia Mei 2025, na 21.500 kuanzia Januari 2026. Bei mbili, tarehe mbili, katika uamuzi mmoja. Mfanyakazi wa Desemba 2025 anahesabiwa kwa 14.500, hata kama analipwa baadaye. Yule wa Januari anahesabiwa kwa 21.500.

Ni kweli, mchimbaji wa shimo kwa kawaida hana kontra ya kazi. Wengi wanagawana mchanga au makuta baada ya kutoa gharama, wengine wanalipwa kwa kilo waliyobeba, wengine kwa siku. Lakini namna ya kuandika haichagui: kilo, siku, au fungu la kugawana, kila patano lina siku lilipoanza na siku lilipokoma.

Na sisi wa migodi bei zetu zinabadilika kuliko za watu wengi. Mwezi wa Machi 2022, bati kwenye soko la London ilikaribia dola 50.000 kwa tani. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshuka chini ya dola 20.000. Mnunuzi wa kasiteriti akishusha bei ya kilo, PDG anashusha bei ya siku. Barabara ikifungwa na matope ao na vita, ni vile vile. Kushusha kunaweza kuwa na sababu. Kushusha kunakorudi nyuma, kukala siku ambazo jasho limekwisha kumwagika, hakuna sababu.

Dola inapocheza

Kuna mtego mwingine. Watu wanapatana kwa dola, wanalipwa kwa faranga. Dola 4 kwa siku, mara siku 24, ni dola 96. Dola moja ikiwa faranga 2.800, kibarua anapata 268.800. Ikishuka kuwa 2.300, anapata 220.800. Faranga 48.000 zimepungua na hakuna aliyebadilisha patano. Miezi ya mwisho ya 2025 faranga ilipopata nguvu ghafla, familia nyingi zinazohesabu kwa dola zilionja jambo hili.

Kwa hiyo neno "bei" peke yake halitoshi. Lazima waandike ni dola ao faranga, na wakilipana kwa faranga, watatumia bei ya dola ya siku gani: ya siku ya kazi, ao ya siku ya kulipa. Yote mawili yanaweza kuwa halali, mradi yamesemwa mbele. Kuchagua siku ya mwisho ile inayofaa upande mmoja, hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Deni la chakula nalo linafuata kanuni hiyo hiyo. Kilo ya maharagi iliyochukuliwa kwa mkopo tarehe 3 inakatwa kwa bei ya tarehe 3, hata kama tarehe 25 imepanda. Kanuni ikimlinda kibarua kwenye mshahara, imlinde pia kwenye deni. Na bei ya maharagi ikishuka, yeye pia asidai kulipa bei ya chini.

Mistari mitano ya kaye

Katika mashimo yaliyokubaliwa rasmi, gunia la kasiteriti linapata etiketi yenye namba, na uzito wake na tarehe vinaandikwa na ajenti wa serikali. Mchanga una karatasi zake. Mtu aliyeuchimba anastahili zake pia.

Kila kibarua apate ukurasa wake, na kila mstari uwe na vitu vitano: kazi gani, bei, dola ao faranga, tarehe bei ilipoanza, alama za vidole ao sahihi za pande mbili. Bei ikibadilika, usifute. Piga mstari mpya chini. Siku za kazi ziandikwe jioni ile ile, si mwisho wa mwezi kwa kukumbuka. Zamu ya usiku ihesabiwe kwa siku ilipoanza, ao mpatane vingine, lakini mpatane mbele. Kisha kibarua apige picha ya ukurasa kwa simu na kuituma nyumbani. Asiye na simu, mwenzake ampigie.

Picha ile kutumwa nyumbani si kwa ajili ya kumchunguza baba. Shimo linaweza kuanguka. Mama anayefika Hombo na watoto kudai siku za mume wake hakuwepo siku ya patano, na mwenye kujua hawezi tena kusema. Akiulizwa ni siku ngapi na kwa bei gani, kilio peke yake hakitamjibia. Ukurasa wenye tarehe utamjibia, na PDG mwenye haki ataweza kumlipa bila kuogopa kwamba kesho atakuja mwingine na hesabu nyingine.