Je, Wajua? Kuzidisha na kujumlisha vyaweza kutoa jibu moja
Ukizidisha 3 kwa 1½ unapata 4½. Ukijumlisha 3 na 1½, ni 4½ ileile! Utasema ni bahati tu. Basi chukua 4 na 1⅓: kuzidisha 5⅓, kujumlisha 5⅓. Siri imo ndani ya namba mchanganyiko yenyewe. Mara 4 ya 1 ni 4. Thuluthi 4 ni 1⅓. Ukiziunganisha, umeshajumlisha bila kujua. Lakini si kila jozi hukubali: 3 × 1¼ ni 3¾, ilhali 3 + 1¼ ni 4¼. Asili ya sehemu lazima ipungue namba nzima kwa 1, kama 5 na 1¼. Jaribu 10 na 1⅑: njia zote mbili, 11⅑.