Kuchagua Flashi ya Duara kwa Picha za Karibu

Afisa ugani wa Fukayosi, wilayani Bagamoyo, anapofunua majani ya mhindi ulioshambuliwa, mara nyingi humkuta mdudu ndani kabisa ya moyo wa mmea. Kiwavijeshi vamizi, aliyeripotiwa nchini mwaka 2017, hutambulika kwa mstari unaofanana na herufi Y iliyopinduliwa kichwani, na kwa madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba karibu na mkia. Picha isiyoonyesha alama hizo haimsaidii mtaalamu aliye mbali, na mkulima huweza kugharimia dawa isiyomfaa.

Kamera inaposogezwa karibu kiasi hicho, lenzi yenyewe humkinga mdudu na mwanga. Aidha, ili sehemu kubwa ya mwili wake ionekane bila ukungu, tundu la lenzi hubanwa hadi f/11 au f/16, na mwanga unaoingia hupungua sana. Flashi ya duara hufungwa kuzunguka mdomo wa lenzi na kuondoa matatizo yote mawili. Lester A. Dine aliibuni mwaka 1952 kwa ajili ya picha za meno, kwa kuwa kinywa nacho ni mahali pembamba penye giza.

Flashi si taa

Mlaji ajihadhari: bidhaa mbili zenye sura moja huweza kuuzwa kwa jina moja. Ya kwanza ni flashi halisi, yenye bomba la gesi ya zenoni. Hutoa mwanga mkali kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde au pungufu, hivyo jani linalotikiswa na upepo huonekana limetulia. Ya pili ni taa ya LED. Mwanga wake hafifu hufaa kwa kitu kisichosogea, lakini shambani picha huweza kutoka ikiwa na giza au ukungu. Taa hiyo si mbovu. Kosa ni kuilipia kama flashi.

Kabla ya kulipa

1. Soma kipenyo cha mdomo wa lenzi, kwa mfano milimita 52, 58 au 67, kisha hakikisha pete ya kufungia ya kipimo hicho imo ndani ya boksi.

2. Taja aina ya kamera yako. Flashi iliyotengenezwa kwa Canon haitapima mwanga yenyewe ikipachikwa kwenye Nikon.

3. Chagua flashi inayokuwezesha kupunguza nguvu ya upande mmja wa duara. Mwanga ulio sawa pande zote hufuta vivuli, na umbo la mdudu huonekana bapa.

4. Usilipie nguvu usiyoihitaji. Namba ya nguvu ya 14, inayopimwa kwa mita katika ISO 100, inatosha kwa mdudu aliye umbali wa sentimita chache.

Jaribio la dukani

Nenda na kamera yako. Iweke kwenye ISO 100, f/11 na kasi ya 1/125, kisha piga picha ya sarafu kwa karibu, kifaa kikiwa kimezimwa. Picha itakuwa na giza. Kiwashe, urudie bila kubadilisha chochote. Flashi halisi itaonyesha maandishi ya sarafu waziwazi. Taa ya LED itaacha giza kubwa.

Haki yako

Dai risiti ya EFD inayotaja bidhaa kwa jina na modeli, pamoja na dhamana ya maandishi, na utunze boksi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa. Muuzaji aliyekuuzia taa kwa jina la flashi akikataa kurekebisha kosa hilo, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani ukiambatisha risiti. Neno "flashi" likiandikwa katika risiti hiyo, litakuwa ushahidi wako.