NDEGE YA NYUZI KWA ANAYEANZA

Mwaka huu sitaandika juu ya ngeli wala methali, maana hayo yana wenyewe katika chama chetu. Nataka kueleza jinsi ya kuunda ndege ndogo inayoruka ikimzunguka mtu aliyeishika kwa nyuzi mbili. Usicheke, si mchezo wa watoto wa chekechea.

Ndege hii haiendeshwi kwa redio. Nyuzi mbili hutoka mkononi mwako hadi kwenye bawa la kushoto. Ukivuta uzi mmoja, ndege hupanda. Ukivuta wa pili, hushuka. Mmarekani Jim Walker wa mji wa Portland ndiye aliyeueneza mtindo huu miaka ya 1940, na yasemekana aliweza kurusha tatu kwa mpigo: mbili mikononi na ya tatu akiivuta kwa kichwa! Za wakubwa huwa na injini na nyuzi za mita 18 hivi. Sisi hatuna pesa za injini, kwa hivyo yetu huzungushwa kwa fimbo, jambo ambalo Walker pia alilifanya.

Kwa nini inatufaa? Mimi hukaa Ruiru na kusomea Thika, na nikiwa kwenye matatu naona jinsi viwanja vinavyoisha. Palipokuwa na kahawa pana ghorofa. Ndege ya redio ikikuponyoka hapo, utaidai kwa mwenye paa. Hii ya nyuzi haiendi popote; duara la upana wa mita 11 linatosha, nao uwanja wa mpira wa kikapu una upana wa mita 15.

Sasa vifaa. Wazungu hutumia mbao ya balsa, ambayo asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Sisi tuna mlingoti wa mkonge, ule mti mrefu unaochipuka katikati ya mkonge ambao hutoa maua mara moja tu kisha ukafa. Ukikauka huwa mwepesi ajabu. Mikonge iko kwenye nyua za mashamba ukielekea Kilimambogo, lakini mwombe mwenye shamba kwanza, tafadhali. Upasue kwa msumeno, kisha piga msasa. Bawa liwe na urefu wa sentimita 50, upana 12 na unene nusu sentimita. Gundisha vipande viwili ikiwa mlingoti ni mwembamba. Mwili ni ubao mmoja tu wa sentimita 40. Usijisumbue na madirisha na viti vya rubani!

Mkia una kipande kinachoinuka na kushuka. Mimi nakiita ulimi. Ufunge kwa kitambaa chembamba na gundi ili ucheze bila kukwama. Kisha kata pembetatu ya plastiki kutoka kwa jerikani kuukuu, uifunge juu ya bawa kwa skrubu moja ili izunguke. Pembe mbili ni za nyuzi, ya tatu inasukuma spoki ya baiskeli hadi kwenye ulimi. Fundi wa baiskeli hatakunyima spoki moja iliyopinda.

Hapa ndipo wengi hupotea, basi nisome polepole. Ndege ya anayeanza yafaa iwe mvivu. Mtu mgeni akiona ndege inashuka, hushtuka na kuvuta kwa nguvu; ndege hupanda juu wima, naye huogopa tena na kuisukuma chini. Puu! Imekwisha, wala si kwamba hana kipawa. Dawa ni ulimi kutosogea zaidi ya nyuzi 15 juu au chini (nasema nyuzi za pembe, za hesabu, si zile za kuvulia samaki). Weka spoki kwenye tundu la mbali zaidi na ulimi, nao utasogea kidogo. Pia pua iwe nzito. Pima kwa vidole viwili chini ya bawa: ndege itulie sentimita 3 kutoka ukingo wa mbele, au mbele zaidi kidogo. Ikilala kwa mkia, ongeza msumari puani. Kwenye ncha ya bawa la kulia bandika sarafu ya shilingi moja, ili bawa hilo liegemee nje na nyuzi zisilegee. Nyuzi zikilegea huna usukani.

Mwalimu wa Fizikia atafurahia hesabu hii. Ndege ya gramu 120 ikizunguka duara la nusu kipenyo cha mita 5.5 kwa sekunde 4, mwendo wake ni kama mita 8.6 kwa sekunde. Inavuta nyuzi kwa nguvu ya nyutoni 1.6 hivi, kupita uzito wake yenyewe. Kidato cha nne watatuambia zaidi.

Nyuzi ni mshipi wa kuvulia samaki. Zipitishe katika vitanzi viwili kwenye ncha ya mwanzi wa mita moja na nusu, zirudi kwenye kishikio mkono wa kushoto. Kabla ya kurusha, vuta uzi wa juu: ulimi lazima uinuke. Rafiki aishike ndege, wewe uzunguke kinyume cha saa, fimbo ikitangulia. Itazame ndege yenyewe; ukitazama miti utapata kizunguzungu. Siku za mwanzo iweke usawa wa kichwa tu, na uchague asubuhi isiyo na upepo.

Jambo la mwisho si la mzaha. Usirushe karibu na nyaya za stima, na Ruiru zimejaa kila kona. Waya au hata uzi uliolowa ukigusa stima unaweza kuua. Mawingu ya radi yakikusanyika, kunja nyuzi uende nyumbani.

Tumeruhusiwa uwanja wa mpira wa kikapu kila Ijumaa kabla ya darasa la asubuhi, kwa sharti moja: akiumia mtu mmoja, ruhusa imekwisha. Kwa hivyo watazamaji watasimama nje ya mstari wa chokaa, hata wakiwa wa kidato cha nne. Mlingoti mkavu tunao mmoja, unatosha mabawa matatu. Wanafunzi wapya wanaotaka kujifunza waje na jerikani kuukuu na msasa.